Kiti cha Mzee Efraimu

Rafiki yangu Abdiel anachapa mbao kwa mnyororo wa pikipiki. Meza imetoka kupigwa randa asubuhi, imenyooka, inang'aa, na saa nne anaiadhibu kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Baada ya mnyororo anatoboa vitundu vya wadudu kwa msumari, anapaka siki na chai nzito, mwisho anasugua dawa ya viatu ya kahawia. Jioni meza ina miaka themanini. Watu wa Njiro, wenye majumba mapya, wanazigombania meza hizo. Mimi nashona makochi banda la pili kutoka lake hapa Sokon One, na sijawahi kuwaelewa.

"Juu namdanganya yeyote," hupenda kusema. "Ila usipasue. Mti wa mringaringa ukiwa mpya, ndani ni mweupe. Wa zamani umeiva mpaka moyoni."

Mwaka jana Agnela, mwenye duka la samani Njiro, aliagiza vigoda sita vya kizamani. Hapo Abdiel akafanya jambo linalonitia hasira hadi leo. Alitoa kwao, huko mlimani, kiti cha marehemu baba yake, mzee Efraimu, akakileta karakana kiwe mfano. Kilikuwa cha miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja la mringaringa. Katika ukoo wao kitinda mimba wa kiume ndiye anayekitunza, na binti wa nyumba hiyo haolewi kabla mkubwa wa ukoo hajakikalia na kumbariki. Anande, binti pekee wa Abdiel, alikuwa anaolewa Desemba.

Alichonga sita. Alama ya moto pembeni, ufa ulioshonwa kwa waya, hata bonde la makalio ya mzee, vyote aliviiga. Akavimba kichwa. Akavipanga vyote saba uani, akatuita mafundi tukitafute cha mzee. Hata hicho alikuwa amekisugua dawa ya viatu mbele yangu, ili harufu isitusaidie. Mimi ndiye niliyevivuruga. Tulicheka mpaka machozi, maana kila mmoja wetu alikosea.

Gari la Agnela lilipofika, Abdiel alinyanyua kimoja bila kusita. "Hiki cha mzee," akasema. Sita vikapakiwa.

Desemba tulipanda kwao. Baba yake mkubwa, mzee Fanuel, alikuja na suti ya rangi ya maziwa. Tukampa shikamoo, akakaa kwenye kiti, tukaimba. Aliposimama amwekee Anande mkono kichwani, akina mama nyuma yake wakaanza kukohoa. Suruali ilikuwa na duara la kahawia. Mzee akajipapasa, akanusa vidole.

"Dawa ya viatu," akasema. "Abdiel, kiti cha mdogo wangu umekiuza?"

"Sijauza, baba mkubwa!"

"Basi kiko wapi?"

Abdiel akakigeuza kiti, akakikagua kama hajawahi kukiona. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu tu, mimi niliyeona kwa macho yangu dawa ikipakwa, na halikunijia wazo lolote. Niliwaza aibu tu, na jinsi tutakavyorudi mjini.

"Nitambariki nikiwa nimekaa wapi?" mzee akauliza, akachukua fimbo yake akaondoka. Anande alikwenda kanisani macho yamevimba. Mpaka leo, likimpata la kumpata, shangazi zake wanakumbushana kuwa hakubarikiwa.

Jumatatu Abdiel alikuwa dukani kwa Agnela kabla halijafunguliwa. Vigoda vimekwisha: vitano hotelini Karatu, kimoja Ujerumani.

"Si ulisema vinafanana, fundi?" Agnela akamwambia. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma.

Alirudi karakana, akaweka kile kiti tulichorudi nacho juu ya kigogo cha kupasulia, akashika shoka. Ningeweza kumzuia. Nilijiambia mwache atoe hasira, ni uongo wake mwenyewe anaoupasua.

Pigo la pili kikapasuka katikati. Ndani hakikuwa cheupe. Kilikuwa cha kahawia, kimeiva mpaka moyoni.

Abdiel alichuchumaa akiwa na nusu moja kila mkono, akijaribu kuzirudisha zikutane. Kisha akanitazama.

"Wewe ulikuwepo nilipokipaka," akasema.

Nilikuwepo.