Irja Kemppainen Achagua Mashine ya Theluji

Irja Kemppainen aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na huku kwetu Keweenaw, rasi ya kaskazini ambako theluji huanza kabla majani hayajaisha mitini na kuondoka Mei kwa shingo upande, hakuna siku aliyoshindwa kufika. Kwa hiyo ile Jumatatu ya Desemba alipokwama ndani ya uwanja wake mwenyewe, aliona aibu kuliko alivyoona baridi.

Mashine ya kusafishia theluji ya marehemu mumewe Reino ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Fundi aliitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia wafiwa. Injini imepasuka.

Sasa njia ya kwa Irja si ya mchezo. Kutoka barabarani hadi mlangoni ni hatua sabini, zote za mlima, na katikati kuna kona pale penye sauna, kibanda cha kuogea mvuke. Na kila greda ya kaunti inayosafisha barabara inapopita, humwachia mdomoni mwa njia tuta la theluji iliyoshindiliwa, zito kama saruji mbichi.

Binti yake Marlys alipiga simu kutoka mjini Green Bay.

"Mama, lipa mtu mwenye gari aje asafishe. Au njoo huku, kuna nyumba za wazee nzuri, lifti hadi juu."

"Lifti nipande kwenda wapi?"

"Mama, una miaka sabini na miwili!"

"Najua. Nilikuwepo yote."

Shemeji yake Arvo, mdogo wake Reino, anakaa ng'ambo ya barabara. Alikuja na koleo begani na ushauri ambao hakuombwa.

"Shemeji, usihangaike. Nunua kama yangu. Matairi makubwa, injini ya kufa mtu. Ukiiwasha, mbwa wote wa kijiji wanaingia ndani."

"Mbwa hawanisumbui, shemeji. Kinachonisumbua ni theluji."

Niseme jambo moja hapa, maana mimi ni jirani wa nyumba ya tatu na nimemwona miaka mingi. Ile mashine ya Reino ilikuwa ya Reino. Vishikio vilimfika Irja kifuani, na kuigeuza ilimbidi aisukume kwa nyonga kama anayesukuma ng'ombe asiyetaka josho. Miaka minne tangu awe mjane alipambana nayo, bega la kulia likamharibikia, wala hakusema. Hata basi alilikuta na kiti kilichopimwa kwa mwanamume. Maisha yake yote hakuwahi kuulizwa mashine gani inamfaa yeye.

Alikwenda dukani kwa Merle Trezise. Merle alimpangia mbele mashine tatu: ya betri, ya petroli yenye matairi makubwa, na ya petroli inayotembea kwa mikanda ya mpira kama katapila. Akampa na vikaratasi vya rangi.

"Soma kwa nafasi, Bi Irja. Nguvu za injini, upana wa mdomo wa kumezea theluji, kila kitu kimo."

Irja alivirudisha. "Karatasi haina theluji, Merle. Niletee nyumbani nizijaribu."

"Bi Irja, nikiziingiza kwenye theluji zinakuwa zimetumika. Nitamuuzia nani?"

"Merle. Ni nani aliyetapikia kiti changu cha mbele siku tatu mfululizo, darasa la pili, nikapangusa bila kumwambia mama yake?"

Wateja wawili waligeuka. Merle akajikuna kichwa chenye upara.

"Jumamosi saa nne," akasema.

Habari huku haina miguu lakini hukimbia. Jumamosi tulifika watu kumi na watatu, na Irja akatutolea kahawa na mkate wa iliki uliosukwa. Usiku ilikuwa imeanguka theluji ya kufika magotini, na greda ilikwisha pita. Tuta lilikuwa pale, kiunoni, linangoja.

Walianza na ya betri. Ilikwenda kimya kama paka, Irja akaipenda mara moja. Theluji laini ilipaa vizuri. Ilipofika kwenye tuta ikadunda, ikarudi nyuma, ikadunda tena. Ilipolimaliza nusu, taa yake ikawa nyekundu.

"Imechoka," alisema Irja, akiipapasa. "Mtoto mzuri, lakini kazi hii si yake."

"Kwenye njia fupi ya tambarare inatosha kabisa," Merle akaitetea, na alisema kweli.

Ya matairi makubwa Arvo hakuikabidhi kwa mtu. Aliikamata mwenyewe, akavuta kofia masikioni. Kwa kweli ilikuwa na nguvu. Ilikula kipande cha tuta kama anayetafuna bisi, na theluji ikaruka mpaka kwa jirani. Arvo akatugeukia akitabasamu. Hapo ndipo alipofika kwenye kona, akageuza mashine bila kugeuza lile bomba la kutemea, na theluji yote ikatujia sisi. Vikombe, kofia, mkate, vyote vikawa vyeupe. Mchungaji wetu naye alifunikwa mpaka ndevu.

"Shemeji," Irja akamwita, "umebatiza kanisa zima!"

Tulipokwisha kucheka na kujipangusa, Irja akaijaribu mwenyewe. Mlimani matairi yaliteleza. Kwenye kona alilazimika kuegemea kwa mwili wote, nikamwona akiuma mdomo wa chini. Akaizima, akalisugua bega.

Ikabaki ya mikanda. Ilipanda mlima polepole kama mtu asiye na deni. Haikuteleza, haikudunda, ilizamisha meno kwenye kipande cha tuta kilichobaki na kukila kuanzia chini. Kwenye kona Irja alijiandaa kusukuma kwa nyonga kama kawaida yake, Merle akamzuia.

"Usisukume. Chini ya kila kishikio kuna kijiti. Bana cha kushoto kwa kidole."

Akabana. Mashine ikageuka yenyewe, taratibu. Irja akabana cha kulia, ikageukia kulia. Akaizungusha duara zima, kisha duara jingine ambalo halikuwa na haja, na kicheko kikamtoka ambacho sikuwa nimekisikia tangu Reino alipokuwa hai.

Arvo hakukubali. "Na ikizimika je? Hiyo huwezi kuisukuma kwa mkono, shemeji. Utaipandia maua papo hapo."

Irja akamtazama Merle. "Kweli?"

"Kweli," Merle akajibu. "Injini ikizima ni nzito, sikufichi. Na ni ya polepole kuliko hiyo nyingine."

Irja akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo sisi wanaume kumi hatukuwa tumeliwaza. "Ikimeza jiwe ikakata pini zinazoshikilia meno, naweza kuzibadilisha mimi mwenyewe, hapa hapa?"

Merle akatoa pini mbili mfukoni. Irja akavua glavu, akahakikisha injini imezimwa, akapiga magoti kwenye theluji. Dakika nne, pini ya zamani nje, mpya ndani. Akasimama akijipangusa magoti.

"Ya mikanda," akasema. "Lakini niletee ile yenye mdomo mdogo zaidi. Mimi sishindani na greda."

"Ndogo!" Arvo akaguna. "Utakuwa unasafisha mpaka Pasaka."

"Nina wakati, shemeji. Nimestaafu."

Januari ikaja dhoruba ya siku tatu. Jumapili asubuhi ilipotulia, Irja alimaliza njia yake, akapumzika akasikia upande wa pili kimya. Mashine ya Arvo ilikuwa imemeza gazeti lililoganda ndani ya theluji, pini zote zimekatika, na akiba hana. Mkewe Lempi alikuwa amesimama barazani na joho la kwaya, siku ile akiwa mwimbaji pekee wa ubeti wa kwanza.

Irja akavuka barabara na mashine yake, mwendo wa kobe.

"Usiseme kitu," Arvo akamwonya.

"Sijasema."

"Uso wako unasema."

"Basi nenda kwangu ukanywe kahawa, usiuone. Iko jikoni, moto."

Arvo akaenda kweli. Akiwa kwenye kikombe cha pili simu ikalia, akaipokea. Alikuwa Marlys.

"Baba mdogo? Mama yuko wapi? Nimesikia habari za dhoruba, sijalala!"

"Yuko kwangu, anasafisha njia."

"Njia ya nani?"

"Yangu."

"Na wewe uko wapi?"

Arvo akakiangalia kikombe. "Kwake. Nakunywa kahawa."

Marlys akacheka mpaka akashindwa kuaga. Habari ya lifti haikutajwa tena msimu ule. Lempi alifika kanisani ubeti ukiwa bado haujaanza, na Irja akaingia nyuma yake na viatu vyake vya theluji, akakaa safu ya mwisho, mashavu mekundu kama tufaha.