Urefu wa Mkono wa Nane

Mtaa mzima ulimwita Mama Maranda, na jina lilimkaa sawasawa, maana hata akitoka kuoga hukosi kumkuta na kipande cha maranda nyuma ya sikio. Kazi yake ilikuwa kusaga mabaki ya mbao: vipande vya maseremala, matawi yaliyokatwa, masanduku ya mizigo yaliyovunjika. Wafuga kuku walichukua ya kutandaza bandani, wakulima wa uyoga walichukua yale laini, na wenye bustani walichukua chochote kilichobaki bila kunung'unika. Alijua miti kwa pua. Ungemfumba macho ukampa kijiti, angekinusa na kukwambia ni cha mti gani, na kama kililowa mvua wiki hii au mwezi uliopita.

Mtu wa pili pale kiwandani, kama banda la kuta tatu linaweza kuitwa kiwanda, alikuwa mdogo wake wa kiume. Mama Maranda alimlea tangu mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni huku anafanya hesabu za shule. Huyu aliitwa Nane. Jina alijipa mwenyewe, wodini, siku ya pili baada ya mashine kumla vidole viwili vya mkono wa kulia. Muuguzi alikuja na karatasi kumuuliza jina, naye akajibu, "Andika Nane. Nimehesabu." Wodi nzima ilicheka, isipokuwa dada yake, ambaye alitoka nje akajifanya anatafuta choo.

Tangu hapo Nane hakusimama tena mbele ya mashine. Kufunga magunia alifunga, kufagia alifagia, mizigo aliibeba mpaka ukamwonea huruma, lakini mashine ikiwashwa tu, ghafla alikumbuka ana shughuli nje. Mwaka mzima Mama Maranda akawa anailisha mashine mwenyewe, na mgongo wake ukaanza kulia kuliko beringi zake za kuzungushia visu. Halafu beringi zenyewe zikasagika, mashine ikakata roho mchana kweupe, na hakuna aliyeililia.

Siku zilezile Nane alianza kutaja kazi ya ulinzi kwenye bohari moja, mji wa mbali. Aliitaja kama utani: eti atakaa kitini, atavaa kofia, atapigiwa saluti na malori. Ila Mama Maranda alimjua mtu wake. Utani wa Nane ukirudiwa mara tatu umeshakuwa mpango, na huu alikuwa ameusikia mara nne.

Kwa hiyo alipoanza kutafuta mashine mpya, hakutafuta chuma tu. Alitafuta ile ambayo mdogo wake angekubali kusimama mbele yake. Akikosea, angebaki na mashine, na Nane angeondoka.

Alianza na kipimo. Mchana mmoja Nane akiwa amelala chali juu ya magunia, mdomo wazi, dada yake alimnyemelea na kamba ya katani. Akampima mkono wa kushoto, ambao vidole vyake vilikuwa vyote, kutoka ncha ya kidole kirefu mpaka kwapani. Akapiga fundo. Akaongeza viganja viwili, kwa kuwa alijua Nane huinama akifanya kazi, akapiga fundo la pili. Kabla hajaivuta, Nane akakoroma, akajigeuza na kuilalia kamba. Mama Maranda akachutama pale karibu nusu saa kama mwizi wa kuku, akingoja ageuke tena.

Jumamosi wakaenda kwenye uwanja wa mashine. Nane aliendesha pikapu iliyojaa matawi na mbao zao wenyewe za kujaribia, na walipofika akasema yeye atabaki langoni kulinda gari. Dada yake hakumbishia.

Muuzaji, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukukata, alimpeleka moja kwa moja kwenye mashine kubwa ya kijani. Akamweleza nguvu ya mota, tani kwa saa, visu vya chuma kigumu. Akaiwasha, ikalimeza gogo kama mtu anayemeza kidonge. Mama Maranda aliipenda, tusidanganyane. Aliipapasa ubavuni kama ng'ombe. Kisha akaomba izimwe na waya uchomolewe kabisa, akatoa kamba mfukoni, akaishusha kwenye mdomo wa mashine. Ncha ikagusa visu. Fundo la kwanza lilikuwa bado nje.

"Mkono unafika," akasema.

Muuzaji akatabasamu kwa adabu. "Mama, hakuna mtu anayeingiza mkono mle."

"Hata mdogo wangu hakuingiza. Tawi lilishika shati, likamvuta."

Hapo ndipo kijana alipomwonyesha ile ya nyuma, ya rangi ya chai ya maziwa, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Ilikuwa taratibu. Kazi ya siku moja ingechukua mbili, na wakulima wa uyoga wangelalamika. Lakini mdomo wake ulikuwa mrefu ajabu, na mbele yake palikuwa na chuma chekundu kilichokingama: ukikiegemea tu, magurudumu yanayovuta matawi ndani yanasimama. Kamba ikaingia, mafundo yote mawili yakazama, ncha ikabaki inaelea bila kugusa kitu.

Akaining'iniza kamba kwenye kile chuma, akaomba mashine iwashwe, akaanza kulisha matawi yao, yaliyokwisha kuletwa kutoka kwenye pikapu. Tawi la kwanza alilitanguliza kwa majani. Likapigapiga, likamvua kilemba. La pili, vilevile. Mwaka mzima amelisha mashine, anajua kabisa tawi huingia kwa shina, na mpaka leo ukimuuliza alikuwa anafanya nini atakwambia jua lilikuwa kali.

Nane alivumilia mpaka tawi la tatu. Akaja mbio kutoka langoni.

"Dada, toka hapo. Unailisha kama unamnywesha mtoto dawa."

Akanyoosha mkono kuchukua tawi, kisha akajiona amesimama wapi. Akaganda. Macho yake yakatua kwenye kamba.

"Hii nini?"

"Mkono wako," dada yake akasema. "Nilikupima umelala."

Nane akapapasa fundo la kwanza, kisha la pili. Akaegemeza kifua kwenye chuma chekundu, magurudumu yakasimama. Akayarudisha kuzunguka, akaegemea tena. Mara tatu, mara nne, kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Kisha akashika tawi kwa mkono wenye vidole vitatu, akalitanguliza kwa shina. Likaenda. Akachukua lingine. Kufika la tano au la sita, akawa hakiangalii tena chuma chekundu.

Alipomaliza akamgeukia muuzaji, jasho linamtoka.

"Hiki chuma kinanifika kifuani. Hapa chini niwekeeni kibao cha kusimamia."

Muuzaji akaandika: kibao. Mama Maranda, aliyekuwa anafunga upya kilemba, kibao hata hakukisikia. Alisikia ile "ni" ya mwanzo. Nane hakusema "iwekwe", wala "mwekeeni dada".

"Umemsikia," akamwambia muuzaji. "Mwekeeni."