Farasi Aliyegoma Kushuka

Najua mtakavyosema. Mtasema huyu mtu anaishi peke yake, ana shahada mbili na hana wa kumwambia anyamaze, basi ameanza kuona vitu. Semeni tu. Ningekuwa mimi ndiye ninayesikiliza, ningesema hivyo hivyo. Lakini nilikuwa macho, sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai, na haikuwa hata usiku wa manane. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumapili, katikati ya baridi ya mwezi wa saba, hapa hapa mtaa wa Observatory, Johannesburg. Yalinitokea mimi, na nilikwenda nayo kwa miguu yangu hii.

Nyumba ninayoishi ni ya zamani, imegawanywa vyumba. Mimi niko juu. Chini anakaa Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu. Kwenye kijumba cha uani alikuwa akikaa Mzee Kassimu, fundi cherehani wa Tanga, aliyekuja nchi hii akiwa mtu mzima tayari na mjane tayari.

Mzee Kassimu alikuwa na kaseti moja. Ujanani, akiwa karani kwenye shamba la mkonge, alinunua redio ya masafa mafupi, akanogewa na kipindi cha vichekesho cha Waingereza. Siku moja akakirekodi kwa njia tuliyoitumia wote enzi hizo: unaweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisha unaomba Mungu jogoo wa jirani anyamaze.

Kwa hiyo kanda ile haikuwa na Waingereza peke yao. Ukumbi mzima ulikuwa ukicheka kwa mbali, na mbele yao, karibu kabisa, alikuwa akicheka kijana wa Tanga: kicheko kinachoanza kama kikohozi na kuishia kama mlango unaotaka mafuta. Kila mara alicheka kabla ya ukumbi. Halafu vikombe viligongana, na mwanamke akasema, "Kassimu, chai inapoa." Huyo alikuwa Bi. Zuhura, mkewe.

Kipindi chenyewe kilihusu Meja mmoja mstaafu ambaye banda lake linavuja, basi akamleta farasi wake ndani na kumficha bafuni, ghorofani. Farasi kapanda ngazi vizuri, ila kushuka kagoma. Wamemvuta, wamembembeleza, wapi. Kisha anawasili shangazi yake Meja, mama mkali asiyeona vizuri na asiyetaka kuvaa miwani, na jambo la kwanza anataka kuoga. Anapanda ngazi. Kidato baada ya kidato. Anashika kitasa cha mlango...

Na kanda inaisha.

Miaka yote hiyo Mzee Kassimu hakujua farasi yule alifanywa nini. Ndipo akanijia mimi, msomi wa nyumba. Akanikabidhi kaseti pamoja na redio yake ya betri.

"Mwanangu, wewe una intaneti na Kiingereza cha chuo kikuu. Nisikilizie, kisha unitafutie mwisho wake. Nataka kujua tu, alishukaje."

Nikasema sawa mzee wangu, wiki hii hii. Nikaitia kwenye droo.

Niliikalisha kwenye droo miezi minne. Tukikutana getini ananiuliza, "Farasi vipi?" Nami najibu, "Bado yuko bafuni, mzee." Tunacheka. Ilikuwa imegeuka salamu yetu, na mimi nikajidanganya kwamba salamu inatosha. Kusema kweli nilijiona mkubwa kuliko vichekesho vya wakoloni. Mtu mwenye mambo mazito ya kuandika ana nafasi gani ya farasi bafuni?

Mwezi wa sita Mzee Kassimu akafariki, kijumbani mwake, peke yake. Siku ya mazishi mimi nilikuwa Sandton, upande wa matajiri. Mnajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasoma makala mbele ya kongamano, kuhusu upweke wa wahamiaji. Nilipigiwa makofi. Palikuwa na sambusa.

Niliporudi, Mama Furaha alikuwa kibarazani anasuka kichwa cha mtu. Hakuinua macho.

"Batu ine tu," alisema. "Nilibahesabu pa kutoka. Mwanaume moja kila kona ya jeneza."

Ukiwa umekulia kwetu unaelewa maana yake. Jeneza hupokezanwa, mtu hubeba hatua chache, mwingine anaingiza bega. Wanne maana yake hakuna wa kupokea. Waliliweka chini mara mbili njiani, wapumzike.

Sasa ile Jumapili. Umeme ulikatika wakati wa magharibi, simu yangu ilikuwa imezima, na chumba kilikuwa cha baridi hata pumzi naiona. Nikawasha mshumaa, nikachemsha chai kwenye jiko la gesi, na nikitafuta betri za tochi nikaikuta ile kaseti. Nikakaa, nikaisikiliza kwa mara ya kwanza. Huo ndio ukweli. Mtu alinipa wakati yu hai, mimi nikamsikiliza akiwa amekwisha kuzikwa.

Nilikuwa nimefika pale farasi anapopanda ngazi, mlango ukagongwa.

"Hodi."

Hapa Johannesburg hakuna anayepiga hodi. Mtu anabonyeza kengele, anapiga honi, anakutumia ujumbe kwamba yuko nje. Nilikuwa sijalisikia neno lile mlangoni kwangu kwa muda ambao sitaki kuuhesabu. Na ndipo nilipokosea, kosa ambalo hata wewe ungelifanya: mdomo ulijibu kabla ya akili. "Karibu! Karibu ndani!"

Akaingia. Koti lake lile la kahawia, kofia yake ya kiua, futi ya fundi shingoni. Niamini, nilimtambua papo hapo. Na unadhani nilifanya nini, mimi msomi? Nilisimama nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Endelea tu, usiizime."

Akakaa. Nikammiminia chai, kwa sababu mgeni akishakaa humwulizi amefuata nini. Tulivyolelewa ndivyo, na hakuna aliyeniambia sheria ile ina kikomo kwa marehemu. Tukasikiliza. Farasi akawa anakanyaga ngazi, tok, tok, tok.

"Vifuu hivyo," akaninong'oneza kwa furaha. "Vifuu vya nazi wanavigonganisha, bwana! Farasi mzima wa Mwingereza, kumbe nazi. Sisi tunazo nazi zimejaa uani na hatujawahi kupata farasi."

Akacheka. Kwenye kanda kijana akacheka kicheko kile kile, kwa pamoja naye. Kisha ukumbi ukafuata. Nywele zilinisimama, lakini nitawaambia jambo la aibu: sehemu yangu moja ilifurahi kuwa na mtu chumbani.

Kanda ikafika mwisho, redio ikajizima. Akainuka. Chai hakuigusa.

"Basi nisindikize."

Hakuna mwenyeji anayekataa. Nikachukua koti, nikamfuata kwenye ngazi. Viatu vyangu vililia kama viatu. Vyake vilichelewa kidogo, kisha: tok, tok, tok. Sauti kavu, tupu ndani. Nilitamani kucheka na sikuweza.

Tukatoka getini, tukaanza kuteremka upande wa Yeoville. Giza mtaa mzima, majenereta yananguruma nyuma ya kuta, na hakuna mtu mwenye akili anayetembea kwa miguu saa ile. Bibi yangu wa Morogoro alinifundisha kwamba mgeni humwachi njiani kwa hiari yako; unakwenda naye mpaka yeye mwenyewe akwambie, "Rudi sasa." Hapo ndipo umeachiliwa. Nikawa nangoja neno hilo. Tukapita roboti ya kwanza, yaani taa za barabarani, kama tunavyoziita huku. Zimezimika. Hakusema. Ya pili, hakusema.

"Mzee," nikajaribu, "huku mbele si salama sana."

Tok, tok, tok.

Hofu ikaniingia kweli sasa. Nikigeuka bila ruhusa, atarudi nami hadi chumbani, na atarudi kila siku. Nikiendelea, ninakokwenda ninakujua, ni makaburini, na huko nina nafasi yangu ila wakati wake bado. Na jambo lililonitisha zaidi ni hili: sikupata jina la mtu hata mmoja ambaye angeniulizia kesho.

Kwenye roboti ya tatu akasimama. Akanigeukia.

"Farasi vipi, mwanangu?"

Nilitaka kusema bado yuko bafuni. Yaliyonitoka ni haya: "Mzee, nisamehe. Sikutafuta. Na siku ya kukuzika sikuja."

"Hilo nalijua. Nimekuuliza farasi."

Nifanyeje? Nikaanza kusimulia nisichokijua. Nikamwambia shangazi alifungua mlango, akaona kitu kirefu kimesimama kimya kwenye mvuke. Akasema, "Oh, samahani sana bwana," akafunga. Akateremka kwa hasira hadi sebuleni. "Meja! Una mgeni huko juu umemtelekeza peke yake, hata chai hujampa! Tena mtu mpole, hana neno, ila kanyoa vibaya." Akapanda tena na kikombe. Akamshika mgeni mkono, au alichodhani ni mkono, akamwambia, "Twende baba, nikusindikize, humu ndani hawana adabu." Na farasi yule aliyegomea kamba, akagomea karoti, akagomea watu wanne wa kumsukuma, akashuka. Kidato baada ya kidato, hadi getini. Kumbe hakuwa mkaidi. Alikuwa anangoja mtu wa kumsindikiza.

Mzee Kassimu alitazama chini. Nikaona mabega yanatikisika. Kikaanza kama kikohozi, kikapanda, kikaishia kwenye ule mlango unaotaka mafuta. Alicheka mpaka akajishika magoti.

"Kanyoa vibaya!" akasema. "Lo! Zuhura lazima asikie hii."

Akajifuta macho kwa ncha ya futi yake.

"Rudi sasa, mwanangu. Umefika mbali."

Umeme ukarudi. Roboti ikawaka nyekundu, kijani ikafuata, na mtu wa kuvuka nilikuwa mimi tu.

Asubuhi Mama Furaha alinishika kibarazani. "Weye, jana mangaribi ulikuwa nasema na nani mu njia? Nilikuona pa dirisha, weye moja tu, unaongea, unainama kama mutu anaongoza muzee."

Nilimpandisha juu, chai ya mzee bado iko mezani, imejaa, nikairudisha kaseti mwanzo. Yeye alikwisha kuisikia mara nyingi kule kijumbani. Tukasikiliza. Meja, farasi, ngazi, ukumbi unacheka. Akakunja uso.

"Eish. Kicheko ya muzee iko wapi?"

Hakikuwepo. Pale alipokuwa akicheka pamebaki nafasi, ukumbi unachelewa kama kawaida, kana kwamba unamngoja aanze. Vikombe havikugongana. Hakuna aliyesema chai inapoa. Kanda nzima imebaki na Waingereza peke yao.

Baadaye nilitafuta mwisho wa kipindi kile, kama nilivyoahidi. Nimeuliza wakusanyaji wa kanda za zamani, nimeandika barua. Hakuna nakala popote. Mwisho uliopo duniani ni ule niliousema kwenye roboti ya tatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa kichekesho cha mtaa. Anayekuja kwangu, hata fundi wa bomba, namsindikiza mpaka aseme rudi, na wengi wao ni watu wa huku, hawajui kwamba wanatakiwa kulisema. Nimewahi kumfikisha mtu mpaka Berea, ng'ambo ya Yeoville. Maziko ya Waswahili hayanipiti tena, hata ya nisiyemjua. Nakwenda kwa ajili ya bega.

Wewe unayesoma, fungua droo yako. Humo kuna kitu cha mtu, kanda au barua, alichokwambia nisomee, nisikilizie. Fanya leo wakati anaweza kukupigia simu. Kwa maana hodi utaisikia tu, na najua utajibu karibu. Ila mimi nilibahatika, mgeni wangu alikuwa mtu wa kucheka. Wako huenda asikwambie rudi.