Zizi Lililoota Miti

Mama alitaka kitu kimoja kabla miguu yake haijamkatalia: aone tena kaburi la mtoto wake wa kwanza, dada yangu ambaye sikuwahi kumwona. Alizikwa Mutomo, karibu na mlango wa zizi la mbuzi, kabla wazazi wangu hawajahamia Kasikeu na kunizaa mimi.

Tulifika saa sita mchana. Nyumba hakuna. Mawe ya msingi yalishabebwa, nguzo zilishaliwa na mchwa. Tulizunguka kwenye ule udongo mwekundu mpaka nikahisi natembea usingizini. Sina subira, nakiri. Nikamwambia, "Mama, twende tu nyumbani. Hapa hakuna kitu."

Yeye alikuwa anaitazama migunga, ile miti ya miiba. Kwingine porini kila mgunga ulisimama mbali na mwenzake. Hapa ilibanana bega kwa bega kwenye duara, na maganda yake makavu ya mbegu yalidondoka moja moja, polepole, hata pasipo upepo.

"Hii ni mbuzi zangu," akasema.

Nikadhani jua limempiga. Akanicheka. "Wewe umesoma na hujui? Mbuzi zilikuwa zinakula hizi maganda huko mbali, jioni zinakuja kulala hapa. Mbegu inatoka na mavi. Na sisi tulipohama, nani tena angeikanyaga ikiota?"

Basi lile duara ndilo lililokuwa zizi letu. Upande mmoja lilikuwa na pengo, pale palipokuwa mlango. Mama akasimama pengoni, akatembea hatua nne nje, akapiga magoti. Akaita jina ambalo nyumbani kwetu halitajwi. Nilisimama nyuma yake nikimlilia mtu nisiyemjua, na nikiionea aibu haraka yangu.

Tulirudi na maganda kwenye leso yake. Nilipofika nikajaza udongo kwenye mikebe, tayari kupanda. Mama akaipita mikebe yangu, akawamwagia mbuzi wetu maganda yote.

Mvua ilipokuja, miche michache ikachipuka kwenye samadi tuliyoitoa zizini. Mmoja uko karibu kabisa na mlango wa zizi, na unachana nguo za kila anayepita. Mama ameuzungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiuguse. Mgeni akiuliza kwa nini hatuung'oi, mama humjibu taratibu, "Wacha huyo. Ni wangu wa kwanza."