Mayai ya Vestina kwenye Laini ya Pili

Vestina wa Gwarama alipofiwa na mumewe, baba mkwe wake, Mzee Pasikali wa Kasulu, alimpa mwaka mmoja: aonyeshe anaweza kujitegemea, la sivyo angekuja kumchukua akaishi kwake Kasulu. Vestina hakutaka kabisa kwenda kuishi ukweni. Akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga, akaijaza mayai, akategemea umeme wa sola wa kijiji chetu.

Sasa huo umeme. Kampuni inayouendesha ilipoupanga upya, zahanati na pampu ya maji vilipewa laini ya kwanza, isiyokatwa hata betri zikipungua. Laini ya pili ni sisi wengine. Yaani mayai ya mjane yaliwekwa pamoja na saluni na banda la mpira la Lukmani, na waliopanga hivyo walikuwa na vyeti.

Mvua ikanyesha mfululizo, jua halikuonekana, na Lukmani akaendelea kuonyesha mechi mpaka betri zikasalimu amri. Laini ya pili ikakatwa, mayai yakiwa karibu kuanguliwa. Vestina hakulia. Aliingia bandani kwa Lukmani na beseni la mayai, akaamuru kila mtazamaji aweke yai kwapani. Wakatii, maana aibu iliwashika. Mimi mwenye duka nilipewa mawili, na mpira wenyewe siupendi. Tulilala tumekaa.

Asubuhi Mzee Pasikali akashuka kwenye basi, mwaka umeisha. Huku kwetu Buha, mzee husalimiwa kwa kuinama na kupiga makofi. Alipita mtaa mzima, watu wamebana mikono kama waliovunjika mbavu, wanamnong'oneza salamu ya "Mwakeye" bila kofi hata moja. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipofika kwa Vestina, naye hakupiga makofi.

"Hata wewe, mwanangu?"

"Nisamehe, Baba. Nikipiga yatavunjika." Akamweleza yote.

Mzee alikunja uso. Kisha akafungua vifungo vya koti. "Lete moja."

Akakaa nalo barazani. Basi lilipogeuza kurudi Kasulu, likasimama mlangoni na kupiga honi kumwita yeye na mkwewe. Alianza kuinuka, akakaa tena, akainamisha sikio kwapani.

"Kinagonga," alisema.

Honi ikalia tena. Mzee akamgeukia dereva.

"Ukifika, mwambie mke wangu kwamba Vestina haji. Ana kazi. Na mimi ameniajiri."