Apagar

Mjomba aliponiambia nimchagulie programu ya kompyuta kwa ajili ya duka lake la vifaa vya ujenzi pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nilivimba kichwa. Nilikuwa nimerudi kutoka kusoma mjini Pemba, huku huku Msumbiji, Kireno changu kimenyooka, na nilitaka kila mtu ajue. Programu zilikuwa mbili. Moja ililetwa na mfanyabiashara wa upande wa Mtwara, ya Kiswahili, rangi zimepauka kama kanga ya kushindia nyumbani. Ya pili ilikuwa ya Kireno, inang'aa. Ile ya Kiswahili niliifungua mara moja, nikacheka, nikaiita ya kishamba. Mjomba akaniamini.

Kaunta alikaa mama mdogo, dada yake mjomba. Wateja walimfuata yeye, si sisi. Alijua nani amefiwa, nani amerudi majuzi kutoka ukimbizini na anaezeka upya. Herufi za Kireno alijifunza ukubwani, akisoma kwa kukatakata. Nilimfundisha programu huku jicho moja liko kwenye simu yangu. Tulipofika kwenye malipo, aliweka kidole juu ya kitufe kimoja kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, a-pa-gar. Yaani mteja a-pagar, alipe. Ni hiki, siyo?"

"Ndiyo, mama, hicho hicho," nikasema bila kuinua kichwa.

Huku kwetu pagar analijua kila mtu, ni kulipa. Na ile a ya mbele, kwa masikio ya Mswahili, ni mteja mwenyewe. Lakini apagar kwa Kireno ni kufuta.

Basi kila aliyemaliza kulipia mabati yake, mama mdogo alimfuta. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika, naye alikuwa na hakika, pesa si kazishika mkononi? Jina likapotea, akadhani ndivyo inavyotakiwa: aliyelipa hana la kuulizwa tena.

Lori la mabati yaliyolipiwa kabla lilipofika, tuliyagawa kwa kufuata majina yaliyokuwa kwenye kioo. Mama mmoja wa Quionga akaja na gari la kukodi kuchukua yake. Jina hakuna. Akasema amelipa. Mama mdogo akasema wallahi amelipa. Mimi, mbele ya watu, nikasema kompyuta haina sababu ya kudanganya. Jinsi nilivyojiona bingwa siku ile! Yule mama akaketi juu ya mfuko wa saruji, akajifunika uso kwa ushungi. Mvua zilikuwa karibu.

Duka lilipofungwa niliandika jina la uongo, nikabonyeza kile kitufe. Likafutika. Nikaelewa palepale. Mjomba alikuwa uani anatawadha. Nikajiambia nitamweleza akishaswali. Alipomaliza, aliniuliza mwenyewe.

"Programu ina ubovu?"

"Haina, mjomba."

Na kweli haikuwa na ubovu. Hapo ndipo panaponiuma, maana hata uongo sikusema.

Mjomba ni mtu wa haki. Alimwamini dada yake kuhusu malipo, na yule mama wa Quionga akapewa mabati ya lori lililofuata, na wengine vilevile. Ila mama mdogo aliambiwa akapumzike nyumbani, macho yamechoka. Alitoa funguo za duka kwenye pindo la kanga yake, akanikabidhi mimi, nikakaa kwenye kiti chake. Kesho yake nilikibadilisha kile kitufe, nikaandika FUTA. Ilikuwa kazi ndogo, chai yangu haikupoa.

Sasa mjomba anafungua duka jingine Mocímboa. Anasema jaribio lilifaulu, programu iwekwe na huko, na mimi ndiye nitakayewafundisha watu. Ninaitikia tu.

Idi iliyopita nilikwenda kumsalimia mama mdogo. Alinipikia vitumbua, akaniuliza habari za dukani, wateja gani bado wanakuja. Nilipotaka kuaga akanishika mkono. Sikukuu watu huombana radhi, ndiyo desturi yetu, na nilidhani ni maneno ya desturi.

"Mwanangu, kile kitu chako cha kisomo nilikuharibia," akasema. "Ulinifundisha vizuri, ni macho yangu haya. Kila nikikumbuka naona haya. Nisamehe."

Nikauweka mkono wangu wa pili juu ya wake.

"Nimekusamehe, mama," nikamwambia.

Akamshukuru Mungu, akanimiminia chai nyingine.