Mpwa wangu Neema na majani yasiyokanyagwa

Leo Dodoma nzima imejua ukoo wetu una watu!

Mpwa wangu Neema kapewa tuzo. Tuzo ya kukosoa, jamani! Aliandika gazetini kwamba bustani mpya imewasahau wenye watoto: viti vya chuma vinaunguza, na majani hayakanyagwi.
(Kukosoa karithi kwangu. Niliwahi kumkosoa fundi wa kanisa mpaka akabomoa mnara.)

Sherehe ikawa bustanini humohumo. Mgeni rasmi? Msanifu aliyeichora!
Neema akaninong'oneza, "Mjomba, huyu kakasirika. Bustani haitabadilika."

Mzee msanifu akakaa kwenye kiti chake cha chuma, jua la saa saba.
Aliruka kama kakalia jiko!

Dada yangu, mama yake Neema, alishatandika khanga majanini, pembeni ya kibao cha USIKANYAGE.
"Karibu hapa baba, usiungue bure."



Msanifu akavua viatu, akakaa. Watoto kuona vile, wote wakamiminika majanini.
Akacheka. "Neema mwanangu, nionyeshe miti ya kivuli ipandwe wapi."

Kibao nimeking'oa mimi, kwa mkono mmoja, msanifu mwenyewe akisema ng'oa.

Leteni watoto Jumapili. Na mnaosema kibao hakikuchimbiwa vizuri, semeni hapa chini, nawasubiri.